Mchanga Juu ya Mchanga

Mtaimbo ulipiga jiwe kabla ya saa tatu asubuhi, siku ya kumzika dada yangu, na sauti yake ilifika hadi jikoni. Wanawake waliokuwa wakimenya viazi walinyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka ukingo wa shimo, kwa sababu kwetu ndugu wa tumbo moja hachimbi kaburi la mwenzake wala haingii ndani yake. Kazi hiyo ni ya majirani. Walikuwa watatu, na aliyewaongoza alikuwa mchimba visima wa kijiji chetu, mtu mfupi mwenye mabega mapana. Alikuwa ndani hadi kiunoni. Aliinua mtaimbo akaushusha tena taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango asioujua.

"Imelia," alisema.

"Imelia wapi?" mwenzake aliuliza kutoka juu.

"Huku kwa kichwa. Na hapa katikati. Kila mahali."

Kaburi linapaswa kumfika mchimbaji mabegani. Kila mtu pale alijua hivyo, hakuna aliyehitaji kulisema. Nilitazama nyuma. Baba mdogo alikuwa ameketi barazani, na alikuwa ameshasikia. Aliweka kikombe chake cha chai chini na kuanza kuvaa gambuti bila haraka yoyote.

Nilikuwa nikimwogopa tangu juzi.

Dada yangu aliolewa Matete, kwa watu wanaolima mahindi, akiwa bado na umri wa kuchezea kamba. Alikaa huko miaka mingi. Siku moja alirudi na sanduku la bati na kovu bichi juu ya sikio, na hakumweleza mtu habari za lile kovu, hata mimi niliyeishi naye. Mama yetu alikuwa hai wakati huo. Alimpa kitanda, akampa shamba dogo la mboga, hakumuuliza. Lakini kwetu binti aliyeolewa akarudi ni mgeni hata akae miaka ishirini. Akifa huzikwa pembeni, nyuma ya migomba, kando ya ua, mahali ambapo baada ya misimu michache jembe la mtu linaweza kupita bila kujua linapita juu ya nani.

Yeye alijua. Ugonjwa wa sukari ulipomkata mguu nilimchukua tukae pamoja katika chumba changu pale Amalemba. Jioni moja nilikuwa nikimwosha mguu uliobaki, akanishika kichwa kwa mkono, akasema:

"Msinitupe kwa ua."

"Hutatupwa."

"Usiniambie hutatupwa. Wewe si ukoo. Niambie wewe hutakubali."

"Sitakubali."

"Sawa. Sasa maji yamepoa, ongeza ya moto."

Hilo ndilo lilikuwa neno letu juu ya jambo hilo, hatukulirudia.

Alipofariki nilikwenda kwa baba mdogo. Yeye ndiye ndugu pekee wa kiume wa baba aliyebaki, na boma letu liko mikononi mwake. Nilimwomba dada azikwe ndani ya boma, mkono wa kulia wa mama. Alikataa siku ya kwanza. Siku ya pili alikaa kimya. Siku ya tatu alisema, "Sawa. Achimbiwe karibu na mama yake. Tuone." Watu walinipongeza, lakini lile "tuone" lilinikaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Sasa alikuwa anakuja, akikanyaga nyasi zenye umande, na alipofika ukingoni hakutazama ndani ya shimo. Alinitazama mimi.

"Nilisema tuone. Si mnaona?"

"Ni jiwe tu, baba."

"Jiwe! Mama yako tulichimba hapo kando, tukafika mabegani bila kutoa jasho. Baba yako vilevile. Huyu amefika, kuna jiwe." Aligeukia wachimbaji. "Ardhi imemkataa. Mmoja alete panga akate mgomba. Nyinyi wengine mwende kule nyuma kwa ua. Kule ni udongo mtupu."

Kaburi likishafunguliwa haliachwi wazi. Kama mtu hatalala ndani yake, unakatwa mgomba, unalazwa mle kama maiti na kufukiwa, ili shimo lisije likaita mtu mwingine wa boma. Nimeliona jambo hilo mara moja nikiwa mdogo. Kinachofuata ni kwamba watu husimulia. Miaka yote iliyobaki wangesema, hapa ndipo ardhi ilipomkataa yule wa Matete.

"Baba, ngoja kidogo," nilisema. "Nipe nilione hilo jiwe."

"Ulione una macho gani?"

Nilikuwa na macho ya aina fulani, ingawa si mengi. Niliachia shule darasa la nane. Lakini kwa muda nilifanya kazi na kampuni iliyokuwa ikitafuta dhahabu upande wetu. Walileta mashine inayotoboa ardhi na kutoa jiwe refu la mviringo, laini ubavuni. Sisi vibarua tuliliita muwa, maana lilikatwa vipande na kupangwa kwenye makasha kama miwa ya kuuza. Kazi yangu ilikuwa kupokea muwa kutoka kwenye bomba, kuuosha, kuuweka kwenye kasha kwa mpangilio na kuchora mshale wa chaki kuonyesha upande wa juu.

Siku moja nilichoka nikaweka kipande kimoja kinyume. Mshale ulikuwa sahihi kwa macho. Mama mmoja aliyekuwa mtaalamu wao wa mawe, mtu wa maneno machache aliyevaa kofia ya nyasi, alipita kwenye makasha akasimama. Akainama.

"Nani ameweka bahari kichwa chini?" aliuliza.

Tulicheka. Tulidhani Kiswahili chake kimemponyoka. Lakini alichukua karai la mmoja wa wale akina mama wanaochekecha dhahabu mtoni, akatia mchanga, kokoto na tope, akajaza maji na kulitikisa kwa nguvu hadi likawa uji. Kisha akaliweka chini. "Msiguse," alisema. Tukakaa tukitazama. Kokoto zilianguka kwanza. Zikafuata chembe kubwa za mchanga, halafu laini, na tope likabaki likielea muda mrefu, tukaenda kunywa chai tukarudi bado halijatulia.

"Bahari ikiwa tulivu," alituambia, "tope ndilo linaloanguka chini. Kidogo kidogo. Mtu azaliwe, azeeke, afe, na pale chini pameongezeka unene wa ukucha. Kisha dhoruba inakuja. Mawimbi makubwa yanafika hadi sakafuni, yanatikisa kila kitu kama nilivyotikisa hapa, yanaukokota mchanga kutoka pwani na kuupeleka ndani. Dhoruba ikiisha, mchanga wote unalala kwa siku moja au mbili. Mzito chini, mwepesi juu. Mawimbi ya mwisho yanaupiga vikunjo juu yake, kama mabati. Halafu utulivu tena. Tope tena."

"Halafu inakuwaje jiwe?"

"Inafunikwa. Tabaka juu ya tabaka, mpaka uzito unakamua maji yote, na chumvichumvi za ardhini zinagandisha chembe kama saruji. Mchanga unakuwa jiwe gumu. Tope linakuwa jiwe pia, lakini likikaribia juu, mvua ikilipata, linalainika. Unaweza kulikata kwa jembe."

"Hapa?" niliuliza. "Hapa Kakamega? Bahari?"

"Hapa."

"Na samaki walienda wapi?"

"Hawakuwepo bado. Hakukuwa na kitu chochote chenye macho duniani."

Mwenzangu mmoja akasema, "Basi hiyo dhoruba ni ya uongo, kama hakuna shahidi."

"Shahidi ni huyu hapa," alijibu akigonga muwa wangu, "na mwenzako amempindua."

Ndivyo nilivyojifunza. Sikujifunza zaidi ya hapo. Kampuni iliondoka, nikarudi kwenye kazi za mkono, na kile nilichokijua kilibaki bila matumizi hadi asubuhi ile.

Mchimba visima alivunja kipande kwa nyundo na kunirushia. Nilikiosha kwa maji ya wanawake wa jikoni. Upande mmoja ulikuwa na vikunjo, kimoja baada ya kingine, vikali juu na vya duara chini, upana wa kidole kila kimoja. Nilipitisha gumba langu juu yake. Tulikuwa tumesimama juu ya mgongo wa dhoruba.

"Hii ni ngozi ya juu," nilisema kwa sauti ili wote wasikie. "Huu ni mchanga wa bahari ya zamani. Ni kama sahani. Chini yake kuna tope, na tope limelainika. Mkiitoboa hii sahani mtachimba kama mnakata sabuni."

"Bahari," baba mdogo alisema. "Amefiwa, sasa anaona bahari."

"Nyamazeni kwanza," mchimba visima alisema. Alikuwa akinitazama kama fundi anavyomtazama fundi. "Sahani yenyewe ni nene vipi?"

Niseme hapa jambo lilivyokuwa. Kwenye makasha ya kampuni niliona mchanga wa dhoruba wenye unene wa kidole, na niliona mwingine mrefu kuliko mtu mzima. Kwa kutazama ngozi ya juu hakuna anayeweza kujua. Mimi nilijua kwamba sijui. Nilijibu:

"Shubiri moja."

"Una hakika?"

"Nimeziona nyingi."

Hilo la pili lilikuwa kweli, na ndiyo maana liliuma zaidi baadaye.

Baba mdogo alitafuna shavu lake. Watu walikuwa wameanza kukusanyika, na nadhani hakutaka aonekane na haraka ya kumtupa mtoto wa ndugu yake. "Mpaka gari ifike," alisema. "Gari ikifika kabla hamjapita, mgomba unakatwa na sitaki kusikia mambo ya bahari."

Gari lilikuwa mochari, mjini. Binamu yangu ndiye aliyekuwa nalo. Nilimpigia.

"Tunapakia sanduku sasa hivi," alisema.

"Mtapitia Amalemba?"

"Lazima. Majirani wake wanataka kumwimbia."

"Waache waimbe."

"Tutawapa wimbo moja, tuondoke."

"Wape tatu. Wape nne."

"Kwani kuna nini huko?"

Nilikata simu.

Mchimba visima alianza na tindo. Alitafuta ufa, akaupata upande wa miguu, akaweka tindo na mwenzake akapiga kwa nyundo kubwa. Sauti ilikuwa kavu na ya kuchosha. Kila baada ya mapigo kumi walibadilishana. Hema lilikuwa linafungwa, viti vinapangwa, mtu anajaribu kipaza sauti akisema "moja mbili, moja mbili", na juu ya yote hayo ile nyundo. Wageni waliofika waliuliza kwa kunong'ona, wakaambiwa kwa kunong'ona, kisha wakatazama upande wangu. Sikuwa na mahali pa kuweka mikono. Niliiweka mfukoni, nikaitoa, nikaona ni adabu mbaya kusimama hivyo, nikaikunja.

Senje alikuja kusimama nami. Ndivyo tunavyomwita dada ya baba. Ni mwembamba, haoni vizuri jicho moja, na ndiye mkubwa wa baba mdogo.

"Ni kweli hayo ya tope?" aliuliza polepole.

"Ni kweli linakuwanga chini."

"Sijauliza linakuwanga. Nimeuliza hapa."

Niligeuka kutazama nyundo. Alitikisa kichwa akaenda kukaa.

Binamu alipiga. Walikuwa Amalemba. Nilisikia nyimbo nyuma yake, na sauti ya mama jirani aliyekuwa akimletea dada uji akilia kwa nguvu. Kisha akapiga tena, wametoka, wako barabarani. Wakati huohuo jiwe lilipasuka. Lilitoa sauti nzito, si ile kavu, na wachimbaji watatu walipiga kelele pamoja. Waliingiza mtaimbo kwenye ufa, wakauning'inia wawili, na bamba zima likainuka ubavu.

Mchimba visima alilipima kwa mkono wake. "Shubiri!" alipaza sauti. "Shubiri kamili! Wewe kijana ni mchawi ama?"

Watu walicheka, na katika siku ile kicheko kilikuwa kama mvua. Hata mimi midomo ilinicheza. Walilivunja bamba vipande vinne na kuvitoa juu. Kimoja kiliwekwa miguuni pangu kikiwa kimelala kifudifudi, upande wa chini umeangalia jua. Nilichuchumaa kukitazama.

Chembe zilikuwa kubwa, kama inavyotakiwa chini ya dhoruba. Lakini kati ya zile chembe kulikuwa na vipande vyeusi, bapa, vya ukubwa wa kucha za mikono, vimelala ovyo. Nilivijua. Ni tope lililong'olewa. Yule mama alituonyesha siku moja kwenye muwa: dhoruba kali haiji tu kuleta mchanga, kwanza inakwangua sakafu. Inaling'oa lile tope lililoanguka kwa miaka maelfu, inalirarua na kulichanganya na mchanga wake. Na kama inalikwangua lote, basi mchanga mpya unalala moja kwa moja juu ya mchanga wa dhoruba iliyotangulia. Hakuna laini kati yao. Vinashikana, vinakuwa jiwe moja.

Tope lililopaswa kuwa chini ya dada yangu lilikuwa mkononi mwangu, vipande vipande. Nilijua kabla mtaimbo haujashushwa tena.

Ulishushwa. Ukalia.

Mchimba visima aliinua macho kwangu. Nilikigeuza kile kipande, vikunjo juu, nikasimama.

"Pigeni tu," nilisema.

Wakapiga. Sijui kwa muda gani. Robo saa, labda zaidi. Walipiga kwa sababu niliwaambia, na mimi niliwaambia nikijua wanapiga bure. Mmoja wao ngozi ya kiganja ilichunika, akaifunga kwa kitambaa akaendelea. Ninakumbuka kitambaa kilikuwa cha njano. Nilikuwa nikiomba ufa upatikane, lakini hata kuomba kwenyewe kulikuwa uongo, maana nilichotaka ni gari lichelewe tu, lipate pancha, jambo litokee ambalo si mimi.

Honi ikasikika kwenye kona ya shule. Nyimbo zikafuata.

Baba mdogo hakunitazama. Alimwashiria mtu, na yule mtu akaenda nyuma ya nyumba na panga. Mgomba haupigi kelele unapokatwa. Unasikia tu majani yakikwaruzana na kisha kitu kizito kikianguka. Waliuleta wawili, unadondosha maji, wakaulaza kando ya shimo. Gari lilikuwa limeingia langoni. Watu walisimama pande mbili, sanduku likashushwa na kuwekwa kwenye stuli mbili chini ya hema, na kwaya ikanyamaza yenyewe walipoona mgomba.

"Tokeni ndani," baba mdogo aliwaambia wachimbaji. "Tumejaribu. Mungu ameona."

Nilikwenda nikasimama mbele yake. Sikuwa nimepanga maneno, na sauti yangu ni ndogo, nilijua wa nyuma hawatasikia.

"Baba, mimi ndiye niliyesema shubiri moja. Sikuwa najua. Nilibahatisha, ikaangukia. Na nilisema chini kuna tope. Hakuna. Nimeona kwa hilo jiwe kwamba tope lilitolewa, nikanyamaza, nikawaacha hawa wapige mpaka wakaumia." Nilimtazama yule mwenye kitambaa. "Nisamehe. Hapo chini ni mchanga juu ya mchanga. Hata tukipiga hadi kesho hatufiki. Lakini si ardhi imemkataa. Hilo jiwe lilikuwa hapo kabla ya mama, kabla ya ukoo, kabla ya mtu yeyote. Limelala kwa mteremko. Kwa mama liko chini, huku linapanda. Basi. Halimjui dada."

Mwenye kitambaa alisema, "Uniambie mapema siku nyingine," na mtu mmoja akacheka puani.

Baba mdogo alikuwa akitazama sanduku. "Sawa," alisema. "Umesema ukweli. Jiwe liko, hatufiki. Kwa hiyo anaenda nyuma. Ukweli wako na wangu ni moja."

"Si moja," senje alisema.

Alikuwa ameinuka kutoka kwa wanawake. Alipita katikati ya viti akishika migongo ya watu kwa sababu ya jicho lake.

"Huyu amejianika mbele ya wageni. Amejiita mwongo. Na wewe jianike, ndugu yangu. Kinachokusumbua ni jiwe ama ni Matete?"

"Dada, si hapa."

"Ni hapa. Tukimaliza utasema wapi? Jiwe ama Matete?"

Sikuwahi kumwona baba mdogo akitafuta pa kuangalia. Alivua kofia, akaivaa.

"Nina wasichana wanne," alisema hatimaye. "Wote wako kwa watu. Nikimlaza huyu karibu na mama yake, kama mtoto ambaye hakuenda mahali, kesho mmoja akikosana na bwana kidogo atakuja na begi. Na mwingine. Watajua kuna pahali."

"Warudi," senje alisema. "Si ni nyumbani?"

"Wewe ulivumilia."

"Nilivumilia. Nani amekuambia ilikuwa vizuri?"

Mhubiri alikuwa amefungua kitabu chake na kukifunga. Mchimba visima alikuwa bado ndani ya shimo, kiuno na shubiri moja, ameegemea mtaimbo. Ni yeye aliyesema, kwa sauti ya kawaida ya kazini:

"Wazee, sanduku litaingia. Nimelipima kwa macho. Litabaki mkono mmoja juu yake, hadi kwenye kiwiko. Haya mabamba tuliyotoa, tukiyarudisha juu ya sanduku halafu udongo, hakuna mbwa atagusa. Hata tingatinga."

Baba mdogo alitazama mabamba. Kisha akatazama watu wote, mmoja mmoja kama vile anahesabu ni nani atakwenda kusimulia.

"Fanyeni mnavyotaka," alisema. "Mimi sitatupa udongo."

Alikwenda kuketi barazani, kiti chake kikielekea barabarani.

"Na huu mgomba?" mtu aliuliza.

"Wapeni ng'ombe," senje alijibu.

Ibada ilikuwa fupi. Walimteremsha kwa kamba, na sanduku lilipogusa chini nilisikia mti ukikaa juu ya jiwe, sauti tupu, bila ule ulaini wa udongo. Kwa muda mfupi nilimfikiria amelala juu ya sakafu ya bahari, mahali ambapo siku moja kulikuwa na ghasia na sasa hapana. Haikunifariji sana. Waliweka mabamba manne juu yake, vikunjo vikiangalia juu kwa sababu niliomba hivyo. Mchimba visima hakuuliza kwa nini. Tukatupa udongo. Baba mdogo hakuja, kama alivyosema. Binti yake mkubwa, aliyeolewa Butere, alikuja akatupa, akasimama pale muda mrefu kuliko wengine akipangusa viganja vyake. Sikujua alikuwa amesikia kiasi gani.

Hayo yalikuwa mwaka jana.

Nilishinda, kama ni kushinda, lakini kaburi halina kina, na Kakamega hunyesha karibu kila alasiri. Mvua kubwa ya kwanza iliporomosha tuta. Nilifika Jumamosi nikakuta pembe ya bamba moja iko nje, nyeupe, imeoshwa safi. Udongo ulikuwa umeteremka hadi kwenye mtaro kando ya njia, na ulikuwa umejipanga wenyewe humo: changarawe karibu na kaburi, mchanga mbele yake, na mwishoni kabisa tope jekundu laini kama unga. Nilichukua toroli na beleshi nikaurudisha wote. Tangu siku hiyo mimi huenda kila baada ya mvua kubwa. Nimepanda nyasi, zimeshika upande mmoja tu. Upande ule mwingine jiwe liko karibu mno, mizizi haipati pa kwenda.

Baba mdogo hanisalimii kwanza, lakini nikimsalimia huitikia. Wiki iliyopita alipita akiwa na ng'ombe wake, akasimama.

"Bado unaongeza?"

"Bado, baba."

"Utaongeza mpaka lini?"

"Mpaka mvua iache."

"Mvua ya huku haiachangi."

"Ndiyo, baba."

Alitazama ile pembe ya jiwe, sehemu ambayo sikuwa nimefikia bado. Alichapa ng'ombe wake kidogo akaenda zake. Mimi nilirudi mtaroni kujaza toroli.